Kitufe Kilichohama Kona

Tarehe 14 Oktoba 2025, nchi nzima ikiwa mapumzikoni kumkumbuka Mwalimu Nyerere, Windows 10, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea kompyuta, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa. Ilitoka Julai 29, 2015, kwa hiyo imekaa nasi miaka 10 na ushei. Mashine yenye Windows 10 bado inawaka na kufanya kazi kama kawaida, ila maboresho ya usalama hayaji tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye muda wa nyongeza, ambao kwa kompyuta za watu binafsi unaishia Oktoba 2026. Mwenye kompyuta moja nyumbani anaweza kusema nitaliangalia baadaye. Sisi wenye steshenari, tunaoshinda tunachomeka flashi za watu tusiowajua kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, hatuna hiyo nafasi. Kwa hiyo hapa dukani kwetu Dodoma tulihamia Windows 11.

Waliokwisha kuizungumzia Windows 11 wamezungumza sana juu ya sura yake: rangi zimetulia, pembe zimeviringwa, alama zimekuja katikati. Sina ugomvi na sura. Ninachotaka kukisema ni juu ya watu ambao kompyuta wameijua kwa mahali. Hawa ni wengi kuliko wanavyodhaniwa, hawaandiki popote kulalamika, na mabadiliko ya namna hii yakija wao ndio wanaoumia kwanza.

Wateja wetu ni mchanganyiko. Wapo wanafunzi wa UDOM, wa Chuo cha Mipango na wa CBE wanaokuja kuprinti kazi zao dakika za mwisho. Wapo vijana wanaoomba ajira. Bunge la Bajeti likianza mwezi wa nne mji unafurika wageni na printa hazipoi. Kundi hili halipati tabu. Kijana aliyekulia kwenye simu ukimhamishia kitu anakitafuta kidogo, anakipata, anaendelea. Lakini jioni huwa tunafundisha kompyuta, na wanaokuja jioni ni watu wa namna nyingine: makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, wenyeviti wa mitaa, walezi wa vituo vya watoto, mafundi wanaotaka kuandika ankara zao wenyewe. Kiingereza cha kwenye menyu hawakisomi kwa raha. Wanachokifanya ni kukariri: mkono uende wapi, ubonyeze nini, kitatokea nini.

Kuna mama mmoja, katibu wa kikundi huko Chang'ombe, ana kaunta buku lake la kozi. Nilimwomba nilisome, akanipa. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa kalamu nyekundu: "Chini kushoto mwisho kabisa, bonyeza. Subiri. Panda juu mpaka kijani, bonyeza." Kijani ni Excel. Ukurasa unaofuata: "Ukimaliza, juu kushoto kisanduku cha zambarau. Usifunge kabla." Kisanduku ni ile alama ya kusevu. Daftari zima limeandikwa hivyo, juu, chini, kushoto, rangi, subiri. Hakuna jina la programu hata moja. Na kwa daftari hilo ametunza hesabu za akina mama wenzake kwa miaka: hisa, mikopo, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii, na hakuna mwanachama aliyewahi kudai kwamba jumla yake haikukaa sawa.

Siku alipokuta mashine zimebadilishwa aliketi, akapeleka mausi kule kule, akabonyeza, halafu akaniita.

"Mwanangu, hii siyo mashine yangu."

"Ndiyo yenyewe mama. Tumebadilisha Windows tu."

"Sasa mbona kule chini kushoto kuna jua?"

Alikuwa sahihi. Kwenye Windows 11, kama hujabadilisha chochote, kitufe cha Start kinakaa katikati ya ule mstari wa chini pamoja na alama nyingine, na kona ya kushoto kilipokuwa kitufe hicho kinawekwa kidude cha hali ya hewa. Kwa Dodoma muda mwingi ni jua. Ukikibonyeza linafunguka bango kubwa la habari, nyingi za watu wa mbali. Yeye alikuja kuandika marejesho ya mwezi. Mkono wake ulifanya kilekile ulichofundishwa, na kilichojibu ni kitu kingine kabisa.

Nimeona wataalamu wakiliita jambo kama hili uvivu wa kujifunza. Mimi nasema si kweli, na sababu ipo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kuifikia shabaha unategemea vitu viwili: shabaha iko mbali kiasi gani, na ina ukubwa gani. Wabunifu wa skrini wanaifahamu kanuni hiyo vizuri. Sasa fikiria kona. Mshale ukiusukuma kuelekea kona hauwezi kupitiliza, kioo kinauzuia. Huhitaji kulenga. Unatupa mkono kule, unabonyeza, macho yako bado yako kwenye karatasi ya mteja. Hakuna mahali pepesi kupafikia kwenye kioo kizima kuliko pembe zake nne. Kwa mtu mwenye mkono mzito, au mtu mzima ambaye macho yameanza kuchoka, kona ni msaada mkubwa sana, na kitufe cha kuanzia kazi kilianza kukaa upande huo wa chini kushoto Windows 95 ilipotoka Agosti 24, 1995.

Katikati hakuna kizuizi. Tena katikati yenyewe haitulii. Alama zimepangwa zikitazama katikati ya mstari, kwa hiyo ukifungua programu ambayo haikubandikwa pale, safu inatanuka pande zote mbili na Start inasogea kidogo kwenda kushoto. Ikifika saa sita mchana, tumefungua vitu vingi, kitufe hakipo pale kilipokuwa asubuhi. Kwa anayekitazama si kitu. Kwa anayekijua kwa mkono, hapo hakuna tena cha kukariri.

Dawa yake ipo na haina gharama. Bonyeza kulia kwenye ule mstari wa chini, chagua Taskbar settings, shuka mpaka Taskbar behaviors, na kwenye Taskbar alignment weka Left. Hapo hapo juu zima Widgets, jua na habari zake vinaondoka. Mashine zetu zote za mafunzo tumezifanya hivyo. Ninachouliza ni kwa nini mama wa Chang'ombe aanze kwa kupotea kwanza, halafu msaada ufichwe ndani ya kurasa za mipangilio zilizoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Mabasi ya mikoani yalipohamia Nanenane, mji mzima ulijua. Bodaboda walijua, makondakta waliita, na aliyefika mahali pa zamani na begi lake alielekezwa na mtu wa kwanza aliyemuuliza. Kompyuta ikihamishiwa vitu, mwenye nayo anaachwa peke yake mbele ya kioo.

Haya hayajaanza leo. Windows 8 ilitoka Oktoba 2012 bila kitufe cha Start kabisa, watu wakalalamika dunia nzima, na mwaka mmoja baadaye Windows 8.1 ikakirudisha. Kabla ya hapo, Office 2007 ilikuja na ule utepe mpana juu ya Word na Excel badala ya menyu za kuning'inia, na waliokuwa wamejifunzia Office 2003 walihangaika. Utepe nautetea hata leo. Ulitoa vitu vilivyojificha ndani ya menyu ukaviweka nje, na vingi vina picha na maneno pamoja, na mwanafunzi wangu asiyejua Kiingereza anaiona picha ya jedwali anaelewa ni jedwali. Badiliko la kuweka vitu wazi nalikubali hata likiniumiza kichwa mwanzoni. Linalonisumbua ni lile la kuficha.

Menyu ya kubonyeza kulia ndiyo mfano wake. Zamani ukibonyeza kulia juu ya faili au flashi, orodha ndefu ilishuka na kila kitu kilikuwemo. Haikuwa nzuri machoni, lakini ilikuwa imekamilika. Windows 11 imeifupisha. Kukata, kukopi, kubadili jina na kufuta vimekuwa alama ndogo, na mwanzoni hazikuwa na maneno hata kidogo, mpaka toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 lilipoziandikia majina. Mengi yaliyobaki, hasa yanayoingizwa na programu nyingine, yamesukumwa nyuma ya mstari unaosema "Show more options".

Kwa steshenari hili si dogo. Kila mwenye duka la kuprinti anakijua kirusi kile kinachoyageuza mafolda ya kwenye flashi kuwa njia za mkato na kuyaficha mafaili yenyewe. Mwanafunzi anafika anatetemeka, ripoti ya mafunzo kwa vitendo anatakiwa kuikabidhi saa nane, flashi inaonekana ina kilobaiti mbili tatu. Kwa hiyo kwetu kuna sheria: flashi ya mtu ikichomekwa, kabla ya kufungua chochote, bonyeza kulia, kagua kirusi. Dada anayekaa mashine ya mbele alikuwa anafanya hivyo bila hata kukatisha salamu na mteja. Kwenye Windows 11 ile amri ya kukagua tuliikuta imeshuka kwenye orodha ya pili. Kubonyeza mara moja zaidi unaweza kusema si kazi. Foleni ikiwa imefika mlangoni, kubonyeza mara moja zaidi ndiko kunakofanya mtu aruke hatua, na flashi moja iliyorukwa inaambukiza za wateja wote watakaofuata. Tulichofanya ni kumzoesha kushikilia Shift anapobonyeza kulia, orodha ya zamani inakuja moja kwa moja. Ukiwa umekwisha kulichagua faili, Shift na F10 vinafanya kazi hiyohiyo. Sasa ameizoea, na flashi hazipiti bila kukaguliwa.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko yote, na sijaona likisemwa na wenye maduka wenzangu. Ukifungua Start kwenye Windows 11, juu kuna programu ulizobandika, na chini kuna sehemu iitwayo Recommended. Hapo yanajipanga yenyewe mafaili yaliyofunguliwa karibuni, kwa majina yake. Nyumbani ni msaada. Dukani, mteja anayekaa saa tano anasoma majina ya kazi za mteja wa saa nne. Na watu wanaleta nini kwetu? Barua za kuacha kazi. Majibu ya hospitali ya kupeleka kwenye bima. Hukumu za mirathi. Talaka. Nakala za vitambulisho vya NIDA. Barua ya malalamiko dhidi ya mkuu wa idara, na huyo mkuu naye anaweza kuwa ndiye anayefuata kwenye foleni, maana Dodoma ni mji wa serikali na watu wanafahamiana.

Faili lenye jina kama "Barua ya kuomba kuhamishwa" pamoja na jina la mtu likikaa wazi pale, hakuna aliyeiba kitu, lakini siri ya mtu imeshatoka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu aliyekukabidhi karatasi yake amekuamini. Kwa hiyo, wenzangu wenye maduka, kabla hamjafanya jingine lolote: ingieni Settings, Personalization, kisha Start, mzime ile ya kuonyesha vitu vilivyofunguliwa karibuni. Ukiizima hapo, inazimika pia kwenye dirisha la mafaili na kwenye orodha zinazotokea ukibonyeza kulia alama za chini. Halafu faili la mteja lifutwe akishaondoka, kama ilivyokuwa zamani.

Yaliyo mazuri yapo, na moja nalipenda kwa moyo wote. Ukisogeza mshale juu ya kile kitufe cha kupanua dirisha, au ukibonyeza ufunguo wa Windows na Z, unaletewa michoro ya kugawa kioo. Kazi yetu kubwa ni kuchapa upya nyaraka za zamani zilizoskaniwa: katiba ya kikundi, mkataba wa shamba la zabibu, muhtasari wa kikao ulioandikwa kwa mkono. Picha inakaa nusu ya kushoto, Word nusu ya kulia, shingo inapumzika. Dirisha la mafaili nalo tangu 2022 lina vichupo kama vya kivinjari, kwa hiyo flashi ya mteja na folda la kazi vinakaa dirisha moja. Hayo yamerahisisha siku zetu.

Sasa, mama wa Chang'ombe. Kurudisha kitufe kushoto kulimsaidia siku ile, lakini mashine ya ofisi ya kata itakuwa imewekwa vingine, ya mtoto wake vingine, na baada ya apdeti kubwa ijayo sijui Start itakuwa wapi. Nikaona kitu pekee kwenye meza ile ambacho hakuna apdeti inayoweza kukihamisha ni kibodi. Ufunguo wa Windows uko chini kushoto, na unaufungua Start popote kitakapokuwa kimewekwa. Ukishaubonyeza huhitaji kutafuta alama yoyote: andika herufi chache za kwanza za programu, bonyeza Enter.

Tukaketi na kaunta buku lake, tukaanza ukurasa mpya. Ufunguo wenye dirisha tuliupaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kila mashine, kwa sababu vumbi la Dodoma na vidole vya watu vimekwisha kufuta alama. Akaandika mwenyewe: "Chini kushoto ya KIBODI, ufunguo mwekundu. Andika exc. Enter." Kusevu: "Ctrl na S, muda wowote, usisubiri mwisho." Kuprinti: "Ctrl na P." Kufungua mafaili: "Mwekundu na E." Kurudisha kilichoharibika: "Ctrl na Z," na hiyo akaipigia mstari. Kasi yake imerudi. Kwa kweli imepita ya zamani, maana hamtafuti tena yule mshale mdogo anayempotea kwenye mwanga wa mlangoni.

Funguo hizi zina umri mkubwa kuliko wengi wanaozitumia. Kukata, kukopi na kupesti kama tunavyokujua kulibuniwa na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott huko Xerox PARC, California, katika miaka ya 1970, na zile herufi nne zilizopangana chini ya kibodi, Z, X, C na V, zilikuja na kompyuta za Apple mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tesler alifariki Februari 2020. Tangu wakati wake skrini zimebadilishwa nguo mara nyingi kupita kiasi, lakini Ctrl na C iko palepale. Kama ningekuwa na sauti kwenye mitaala ya kozi zetu za kompyuta, ningeomba wiki nzima ya kwanza iwe ya kibodi. Kozi nyingi bado zinaanza na "hiki ni kitufe cha Start, kiko hapa." Kiko hapo leo.

Si mashine zote zilizohama. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, kwa kawaida iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta nyingi za mitumba tunazonunua mjini ni za kabla ya hapo. Ukienda kununua, usiridhike na kuambiwa "hii ni i5." Uliza kizazi. Kwenye HP EliteDesk 800, yenye maandishi G3 haifiki, G4 inafika. Kwenye Dell OptiPlex, 3050 iko nyuma, 3060 imo. Ukiwa na uhakika wa tofauti hizo mbili utakuwa umeokoa fedha yako.

Za kwetu zilizokataliwa tuliziwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure. Menyu yake iko chini kushoto. Ufunguo mwekundu unaifungua, ukiandika herufi chache inatafuta, mwekundu na E unafungua mafaili, Ctrl na S inasevu. Siku moja mashine nyingine zilikuwa zimejaa, mama akakaa kwenye Mint, nikamwambia tu kwamba leo badala ya "exc" aandike "cal" halafu achague LibreOffice Calc, na akafanya hesabu zake mpaka mwisho. Mafaili ya Excel yanafunguka humo kwa LibreOffice, ingawa jedwali lenye fomula ngumu nalikagua kwanza kabla sijamkabidhi mtu. Tatizo lililobaki ni printa yetu kubwa, ambayo haijakubali kuongea na Mint. Kwa sasa kazi ya kuprinti kutoka mashine hizo inahamishwa kwa flashi kwenda mashine ya mbele, na kwa dada pale kila flashi inakaguliwa, hata ya kwetu wenyewe.